Treni Inapoharibika Njiani: Somo kwa Abiria wa Njia ya Mpanda

Utangulizi

Msafiri anayetoka Mpanda kwenda Tabora kwa treni hupita takribani kilomita 210 za tawi la Mpanda hadi Kaliua, kisha huingia katika Reli ya Kati na kuendelea hadi Tabora. Sehemu kubwa ya safari hiyo ni misitu ya miombo na mbuga za mto Ugalla, ambako hakuna barabara kuu inayofuatana na reli wala mji wa kukimbilia. Basi likiharibika katika barabara ya lami ya Inyonga, Koga na Sikonge, abiria huweza kupata gari jingine linalopita. Treni ikiharibika baina ya Katumba na mto Ugalla, abiria hana budi kungoja msaada ufike kwa njia ya reli hiyo hiyo.

Pamoja na hayo, treni imebaki kuwa usafiri wa watu wengi wa Katavi. Mkulima husafiri nayo akiwa na magunia, mzazi huwapeleka watoto shule, mgonjwa huifuata hospitali ya rufaa, na mfanyabiashara mdogo huitegemea kwa sababu nauli yake ni nafuu. Watu hawa ndio wanaoumia zaidi kifaa kinapokosa matunzo, kwa kuwa wengi wao hawana akiba ya kulipia safari mara mbili.

Somo hili lina fundisho moja kuu. Abiria hana uwezo wa kutengeneza mtambo. Lakini taarifa yake iliyo sahihi, iliyoandikwa mapema na kupelekwa mahali panapostahili, humfanya mwenye mtambo ashindwe kusema kwamba hakujua. Mwishoni mwa somo, msomaji atarajiwe kuweza kutofautisha kero na hatari, kujilinda treni inaposimama njiani, kuweka kumbukumbu zinazofaa, na kufuata ngazi za malalamiko hadi mwisho.

Njia yetu na udhaifu wake

Tawi la Mpanda halikujengwa kwa ajili ya abiria. Lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati wa utawala wa Waingereza, ili kusafirisha madini ya risasi yaliyochimbwa Mpanda. Mgodi ulipofungwa, reli ilibaki, na wananchi wakaifanya kuwa yao. Reli ya Kati yenyewe, ambayo tawi hili linaungana nayo Kaliua, ilijengwa na Wajerumani na kufika Kigoma mwaka 1914. Zote mbili ni reli za upana wa mita moja.

Umri peke yake hauifanyi reli kuwa mbovu. Reli kongwe iliyotunzwa hubeba treni salama kwa miaka mingi. Kinachoiharibu ni kuahirisha matengenezo: mataruma yaliyooza yasipobadilishwa, kokoto zilizosombwa na maji zisiporudishwa, na makalvati yaliyoziba yasipozibuliwa. Katika mkoa wa Katavi mvua hunyesha kwa msimu mmoja mrefu, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili. Maji yanapojaa katika ardhi ya mbuga, tuta la reli hulegea kutoka chini, na reli hupoteza mnyooko wake. Ndiyo maana wakati wa masika treni huamriwa kwenda polepole katika baadhi ya maeneo. Mwendo huo wa polepole mara nyingi ni tahadhari, wala si uzembe.

Vivyo hivyo kwa vichwa vya treni na mabehewa. Magurudumu hulika, beringi huishiwa mafuta, mabomba ya breki huchakaa, nyaya za taa huungua, na matangi ya maji huvuja. Kila kimoja kina muda wake wa kukaguliwa. Muda huo ukirukwa, kifaa hakitoi ilani kwa mwenye mali pekee. Humtolea pia abiria aliyeketi juu yake. Abiria aliyefundishwa huisikia ilani hiyo.

Nani anawajibika?

Abiria wengi hukata tamaa kwa kuambiwa kwamba tatizo ni la idara nyingine. Ni vema basi kufahamu historia fupi ya wenye reli. Baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, reli za Tanzania Bara zilisimamiwa na Shirika la Reli Tanzania, TRC. Mwaka 2007 uendeshaji wa treni ulikabidhiwa kampuni ya TRL, ambayo mbia wake alikuwa kampuni ya RITES ya India, na miundombinu ikabaki chini ya chombo kingine cha umma, RAHCO. Ubia huo haukudumu, na Serikali ikaurejesha uendeshaji mikononi mwake. Kisha Sheria ya Reli ya mwaka 2017 iliunganisha miundombinu na uendeshaji, na TRC ikarudi kuwa shirika moja.

Maana yake kwa abiria ni hii: katika njia ya Mpanda, mwenye reli na mwenye treni ni mmoja. Iwapo safari imekwama kwa sababu ya tuta lililosombwa au kwa sababu ya kichwa kilichozimika, lalamiko huanzia mahali pamoja. Jibu la kwamba "hilo ni la watu wa njia" au "hilo ni la watu wa karakana" linaweza kuwa kweli ndani ya ofisi, lakini halimwondolei mtoa huduma wajibu wake kwa aliyelipa nauli.

Juu ya mtoa huduma yupo mdhibiti, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA. Kazi yake ni pamoja na kusimamia viwango vya usalama na ubora wa huduma za reli na kupokea malalamiko. Kwa upande wa watumiaji, lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, ambalo huwasilisha maoni na maslahi ya abiria kwa mdhibiti na kwa watoa huduma.

Aina tatu za hitilafu

Si kila ubovu una uzito sawa. Abiria akilalamikia kila jambo kwa sauti moja, jambo la hatari huweza kupotea katikati ya madogo. Kwa hiyo zigawe hitilafu katika mafungu matatu.

1. Kero. Hizi ni kasoro zinazopunguza raha bila kuharibu safari: feni isiyozunguka, kiti kilichochanika, taa moja iliyokufa. Ziripoti kwa mhudumu wa behewa, na uziandike katika taarifa yako.

2. Upungufu wa huduma uliyolipia. Hapa abiria amenunua kitu na hakukipata: choo hakina maji safari nzima, behewa la kulala halipo na aliyelipia kulala amewekwa kwenye viti, safari imefutwa, au treni imechelewa kwa saa nyingi kwa sababu ya kichwa kibovu. Haya huzaa madai.

3. Hatari. Hizi ni kasoro zinazoweza kuua. Haziandikwi kwanza, husemwa kwanza, papo hapo, kwa mtumishi wa treni aliye karibu, kisha ndipo zikaandikwa.

Dalili za hatari

Abiria si fundi, wala hatakiwi kuwa fundi. Hata hivyo zipo dalili ambazo mtu yeyote anaweza kuzitambua:

- Harufu kali ya kuungua, au moshi unaotoka chini ya behewa. Huenda beringi ya ekseli imekosa mafuta na inapata moto, au breki imekamata gurudumu na kulisugua.
- Mdundo mzito unaojirudia kwa mpango uleule, ukizidi kadiri mwendo unavyoongezeka. Huenda gurudumu limelika upande mmoja.
- Behewa kuyumba kupita kawaida, au kuegemea upande mmoja hata mahali ambapo njia imenyooka.
- Mlango usiofungika huku treni ikiwa katika mwendo, au sakafu iliyolegea baina ya behewa na behewa.
- Cheche au harufu ya waya zinazoungua ndani ya behewa.
- Treni kuanza kurudi nyuma yenyewe baada ya kusimama.

Dalili hiyo ya mwisho inahitaji maelezo. Chini ya mabehewa yote hupita bomba la breki lililounganishwa behewa kwa behewa. Mfumo wake umeundwa ili bomba likikatika, breki zijikamate zenyewe na treni isimame. Ndiyo maana mara nyingine treni husimama ghafla porini bila dereva kutaka. Lakini nguvu ya breki hizo haidumu milele. Treni ikikaa muda mrefu kichwa kikiwa kimezimika, nguvu hiyo huvuja kidogo kidogo, na penye mwinuko mabehewa huweza kuanza kuteleza. Ndiyo sababu watumishi hukaza breki za mkono na kuweka vizuizi chini ya magurudumu. Abiria au mtoto anayechezea gurudumu la breki ya mkono lililoko mwishoni mwa behewa hucheza na uhai wa wote.

Taifa hili limekwisha kulipa gharama ya breki. Tarehe 24 Juni 2002, mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam ikiwa na watu zaidi ya 1,000 ilipata hitilafu ilipokuwa ikipanda mwinuko karibu na Igandu. Breki hazikuishikilia. Ilirudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Ajali ile iko mbali na Katavi kwa ramani, lakini wasafiri wengi wa Mpanda waendao Dar es Salaam hupita palepale. Tunaikumbuka hapa ili abiria ajue kwamba neno "breki" likisikika katika mazungumzo ya watumishi wa treni, ni haki yake kuuliza, na ni wajibu wao kumjibu.

Kabla ya kupanda

Maandalizi hupunguza madhara ya hitilafu ambayo abiria hawezi kuizuia.

Kwanza, nunua tiketi stesheni au kwa njia rasmi, na uhakikishe imeandikwa daraja, tarehe, na mwanzo na mwisho wa safari. Ukiwa unakwenda zaidi ya Tabora, uliza kama unaweza kupata tiketi moja ya safari nzima. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mwenye tiketi moja ya Mpanda hadi Dar es Salaam akichelewa kufika Tabora na kuikosa treni ya kuunganisha, tatizo limetokea ndani ya mkataba wake na mtoa huduma, naye ana nguvu ya kudai apandishwe treni inayofuata. Aliyenunua tiketi ya treni hadi Tabora na tiketi ya basi kutoka Tabora ana mikataba miwili isiyofahamiana. Mwenye basi hakuhusika na kuharibika kwa treni.

Pili, acha nafasi ya muda. Mwenye usaili, kesi mahakamani au miadi ya daktari asipange kufika asubuhi ileile ya shughuli, hasa wakati wa masika.

Tatu, beba maji ya kutosha siku nzima zaidi ya muda wa safari, chakula kisichoharibika upesi, tochi, na dawa zako ndani ya mfuko wa mkononi. Mgonjwa wa kisukari, mwenye shinikizo la damu na anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wasiweke dawa zao kwenye mzigo ulioandikishwa.

Nne, mzigo unaoharibika, kama nyanya, samaki wabichi au vifaranga, utaje wakati wa kuuandikisha, na jina la mzigo liandikwe katika stakabadhi. Stakabadhi iliyoandikwa "furushi" pekee haitamsaidia mwenye nyanya zilizooza.

Treni inaposimama porini

Madhara mengi hutokea baada ya treni kusimama, wala si wakati wa kusimama. Watu huteremka, watoto huzagaa relini, wengine huamua kutembea. Zingatia yafuatayo.

Baki ndani ya behewa mpaka utakapoelezwa na watumishi wa treni. Behewa lililosimama ndilo makazi salama kuliko yote katika msitu wa Ugalla, ambako wapo wanyama wakali na nyoka, na ambako usiku mtu hupotea hatua chache tu kutoka kwenye tuta. Usikae wala kulala chini ya behewa kutafuta kivuli. Treni huweza kusogezwa bila ilani ya kutosha, na kichwa cha msaada kinapounganishwa mabehewa yote hutikisika.

Kinyume chake, ikiwa ndani ya behewa kuna moto au moshi mzito, toka mara moja, saidia watoto, wazee na wenye ulemavu, acha mizigo, na usimame mbali na reli upande mmoja pamoja na wenzako.

Waombe watumishi wa treni maelezo ya mambo matatu: kilichoharibika ni nini, msaada unatoka wapi, na taarifa inayofuata itatolewa saa ngapi. Usidai waseme saa kamili ya kuondoka, kwa maana mara nyingi hawaijui. Dai saa ya taarifa inayofuata. Ahadi ya aina hiyo hutekelezeka, na hupunguza uvumi ambao ndio huanzisha vurugu.

Chagueni wawakilishi wawili au watatu katika kila behewa. Wao ndio wazungumze na watumishi, waorodheshe wagonjwa, wajawazito na watoto wachanga, na kuhakikisha maji yaliyopo yanawafikia hao kwanza. Dereva na wenzake wanaohangaika na mtambo mbovu wasizingirwe wala kutukanwa. Mara nyingi ndio walioripoti ubovu huo kabla ya abiria.

Kumbukumbu sita

Tofauti kati ya lalamiko linalojibiwa na linalotupwa huwa ni kumbukumbu. Andika sita hizi ukiwa bado safarini, katika daftari au simu:

1. Tarehe, mwelekeo wa treni, na saa iliyopangwa kuondoka.
2. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa behewa lako. Fundi wa karakana hawezi kutafuta "behewa la tatu kutoka mbele". Behewa hilo kesho litakuwa la sita. Namba haibadiliki.
3. Mahali: baina ya stesheni ipi na ipi, na namba ya nguzo ya kilomita kama inaonekana.
4. Saa treni iliposimama, saa ilipoondoka, na saa ulipofika.
5. Ulichoona, ulichosikia au ulichonusa, bila kukisia. Andika "moshi ulitoka chini ya mlango wa kushoto", usiandike "injini ilipasuka".
6. Mtumishi uliyemweleza, kwa cheo chake, na jibu alilotoa.

Ongeza picha ikiwa haikuhatarishi. Tunza tiketi, risiti ya mzigo, na risiti za gharama zote ulizoingia kwa sababu ya ubovu huo. Tangazo lolote la mtoa huduma kuhusu kuchelewa au kufutwa kwa safari, liwe limebandikwa stesheni au limetumwa kwa simu, lipige picha. Huo ni ushahidi kutoka kwake mwenyewe.

Unaweza kudai nini?

Tiketi ni mkataba. Sheria za nchi yetu zinamtaka anayetoa huduma kwa malipo aitoe kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Sheria ya Mikataba nayo inampa aliyevunjiwa mkataba haki ya fidia kwa hasara iliyotokana moja kwa moja na uvunjaji huo, au hasara ambayo pande zote mbili zilijua tangu mwanzo kwamba ingeweza kutokea. Hasara ya mbali isiyotarajiwa haifidiwi. Sheria hiyo pia humtazama mdai kama alichukua hatua za busara kupunguza hasara yake.

Kwa kuzingatia misingi hiyo, na baada ya kusoma masharti ya tiketi yako, unaweza kuwasilisha maombi haya: kurudishiwa nauli ikiwa safari imefutwa, kupewa usafiri mbadala au treni inayofuata bila nauli mpya, kurudishiwa tofauti ya nauli ikiwa uliwekwa daraja la chini kuliko ulilolipia, na kufidiwa mzigo ulioandikishwa uliopotea au kuharibika. Liko ombi la tano ambalo abiria wengi hulisahau, nalo ni kutaka kasoro iliyotajwa irekebishwe na uelezwe kwa maandishi imerekebishwa lini. Ombi hili halimgharimu mtoa huduma fidia, lakini ndilo linalomlinda abiria wa wiki ijayo.

Chukulia mfano. Abiria amepoteza siku mbili kwa sababu ya kichwa kibovu, nyanya zake zilizoandikwa katika stakabadhi zimeoza, na anadai pia faida ya biashara ya mwezi mzima aliyotarajia kuifungua Tabora. Dai la nyanya lina msingi. Dai la faida ya mwezi mzima litakuwa gumu, kwa kuwa mtoa huduma hakuelezwa habari zake. Kudai kupita kiasi hudhoofisha hata sehemu iliyo ya haki.

Ngazi za malalamiko

Ngazi ya kwanza ni mtoa huduma. Peleka lalamiko kwa mkuu wa stesheni ya Mpanda, Kaliua au Tabora. Liwe la maandishi, na nakala yako igongwe muhuri au isainiwe kuonesha limepokelewa, pamoja na tarehe. Lalamiko la mdomo ni halali, ila halina kivuli.

Ngazi ya pili ni LATRA. Usiporidhika na jibu, au usipojibiwa kwa muda wa kutosha, peleka nakala ya lalamiko, nakala ya tiketi na jibu ulilopewa katika ofisi ya LATRA ya mkoa. Hapo kwanza hufanyika juhudi za kuwapatanisha ninyi wawili. Usuluhishi ukishindikana, Mamlaka inaweza kutoa uamuzi. Jambo la hatari kwa usalama lisisubiri kukamilika kwa ngazi ya kwanza: lipeleke kwa mdhibiti mara moja.

Katika ngazi zote hizo, Baraza la Ushauri la Watumiaji linaweza kukushauri na kukusaidia kuliweka lalamiko lako sawa. Baraza si mahakama, wala halitoi hukumu. Kwa asiyeridhika na uamuzi wa mdhibiti, rufaa hupelekwa Baraza la Ushindani. Msomaji asichanganye mabaraza haya mawili.

Mfano wa lalamiko

Linganisha maandishi mawili yafuatayo, yote ya kubuni.

La kwanza: "Treni yenu ni mbovu siku zote, tumeteseka sana, mnatudharau watu wa Katavi. Tunataka fidia."

La pili: "Nilisafiri kutoka Mpanda kwenda Tabora kwa tiketi ya daraja la pili kulala, nakala imeambatishwa. Nilikuwa katika behewa ambalo namba yake nimeiandika hapo juu. Baada ya kupita Katumba, abiria tulisikia mdundo mzito chini ya behewa, na saa 4:20 usiku kukawa na harufu ya kuungua. Nilimweleza mhudumu wa behewa, naye akaahidi kumjulisha mkuu wa treni. Treni ilisimama saa 4:50 usiku kabla ya kufika mto Ugalla, ikaondoka saa 3:15 asubuhi. Choo cha behewa hakikuwa na maji tangu Mpanda. Naomba: (a) kuelezwa kwa maandishi sababu ya hitilafu, (b) kuthibitishiwa kwamba behewa hilo limekaguliwa kabla ya kurudishwa safarini, (c) kurudishiwa gharama ya tiketi ya treni ya kuunganisha niliyoikosa, kwa kuwa tiketi yangu ilikuwa ya safari nzima. Naomba nijibiwe kwa anwani iliyo hapa chini."

Maandishi ya kwanza yana uchungu wa kweli, lakini aliyeyapokea hana la kufanya nayo isipokuwa kuomba radhi. Maandishi ya pili yanampa mhandisi behewa la kukagua, na yanampa mhasibu tiketi ya kuhakiki.

Wajibu wa abiria na jirani wa reli

Haki huenda pamoja na wajibu. Anayeng'oa vifungio vya reli na kuviuza kama chuma chakavu, anayelima hadi kwenye tuta, anayepitisha mifugo ovyo na kubomoa mifereji ya maji, na anayening'inia mlangoni au kupanda juu ya behewa, wote huongeza hitilafu ambazo kesho watazilalamikia. Wakazi wa Katumba, Ugalla na vijiji vingine vya kandokando ya reli huiona njia kila siku kuliko mkaguzi yeyote. Wakiona tuta limemegeka au reli imepinda, wampashe habari mkuu wa stesheni au polisi kabla treni haijafika. Mvua kubwa ya usiku mmoja yatosha kuacha reli ikining'inia hewani.

Maswali ya kujadiliana

Yajadilini maswali haya katika kikundi, kijijini, shuleni au mkiwa ndani ya behewa:

1. Abiria amesikia harufu ya kuungua lakini wenzake wanamwambia ni ya jikoni. Afanye nini kwanza, na kwa nini?
2. Kwa nini namba ya behewa ina manufaa zaidi kuliko maelezo ya mahali lilipo katika msafara?
3. Mama mwenye mtoto mgonjwa ana miadi Tabora siku ya Jumatano. Mshaurini namna ya kupanga safari, dawa na tiketi.
4. Lalamiko lenu limekaa stesheni muda mrefu bila jibu. Ni nyaraka zipi mtazipeleka LATRA?
5. Andikeni lalamiko la nusu ukurasa kuhusu safari yoyote mliyowahi kuifanya, kisha mlipime kwa kumbukumbu sita zilizotajwa. Mtakapokosa zaidi ya mbili, someni tena sehemu hiyo kabla ya safari yenu ijayo.